Ulimi Hauna Bima

Hati ilikuwa ya Kifaransa, kurasa kumi na moja,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nilisimama mlangoni pa Nsimire, Kadutu, juu ya ngazi za udongo,
mashine ya kusaga muhogo ikinguruma ndani,
nikamtafsiria kwa kupaza sauti:
"Mama, mvua ikiharibu, sisi tunalipa."

Ndivyo nilivyosema. Sikukusudia uongo.
Ilikuwa saa nane, sijala,
na milango minne zaidi ilikuwa inaningoja mteremkoni.

Akalipa kwa awamu tatu,
noti za franga zenye vumbi la muhogo;
mpaka leo mkoba wangu ukifunguliwa unanuka unga.
Nikagonga mhuri. Mhuri ni mali yangu,
nilinunua kwa pesa zangu pale Nyawera.
Sina bosi, sina meza.
Nauza karatasi za kampuni tatu za Kinshasa
na kila moja inaniita mshirika
mpaka siku ya madai.

Usiku wa tarehe kumi na tisa Aprili
mtaro wa juu ulikabwa na chupa za plastiki.
Maji yakakosa njia, yakauliza mlima,
mlima ukasogea.
Asubuhi mashine ilikuwa imelala kwa jirani wa chini,
mdomo wazi, imeshiba matope.
Hakufa mtu. Mbuzi mmoja tu,
naye hakuwa kwenye hati.

Mkaguzi alifika Jumanne, viatu kavivika mifuko ya nailoni.
Akapima. Akapiga picha.
Akaniuliza mimi, si Nsimire:
"Wakala, haya ni mafuriko au maporomoko?"

Tazama lugha inavyonitania:
mafuriko, maporomoko,
ndugu wawili wanaomaliza jina kwa mlio mmoja,
waliolala kitanda kimoja usiku ule,
na ibara ya tisa inamlisha huyu,
yule inamfungia mlango.

Maji yakibeba udongo, bado ni maji?
Udongo ukilewa maji, bado ni udongo?
Nani alitangulia kufika kwenye ukuta?
Aliyeona ni mbuzi.

Nsimire hakuisoma ibara. Alinisoma mimi.
"Ulisema mvua," akaniambia.
Basi. Hakupaza sauti.
Akaendelea kukwangua matope kwenye mkanda wa mashine,
kwa kijiko cha chai.

Usiku nikazitoa kanuni za mdhibiti chini ya godoro.
Zinasema wakala ataeleza wazi yale yasiyolipwa,
kwa lugha anayoielewa mteja.
Zinasema wakala atakuwa na bima yake mwenyewe,
ya kosa la kalamu na kosa la mdomo.
Yangu iliisha Januari.
Januari nililipa karo ya Cibalonza, na viatu vyake,
nikasema mwezi ujao.
Mganga hajigangi;
wakala naye, kumbe, hajikatii.
Mtaa mzima nimeutisha kwa ajali, moto na wezi,
nikalala nje ya mwavuli ninaouza.

Nikisema mafuriko, mkaguzi ana picha.
Nikisema maporomoko, Nsimire ana kijiko.

Fomu ina kisanduku kimoja: Chanzo cha hasara.
Upana wake vidole viwili.
Niliandika: Mvua.
Neno hilo ibara ya tisa hailijui.
Kisha pembeni, nje ya mstari, pale wanapokataza kuandika:
Mimi ndiye niliyemtafsiria.
Aya ya pili niliiruka.

Nikagonga mhuri. Wino ulikuwa unaishia,
jina likatoka nusu, Zihi,
hindula ikabaki kwenye mpira.
Nikagonga tena, juu yake, kwa nguvu,
meza ikatikisika, mtoto akageuka usingizini.

Nje inaanza kunyesha.
Nasikia chupa ya kwanza ikiteremka mtaroni.